Nani Amfundishaye Karani Mpya?

Leo sina habari za wafalme, wala sikuja kueleza vita, ingawa vita moja itapita katikati ya maneno yangu. Nataka kunena habari za mtu mdogo katika vitabu vya historia, ambaye mara nyingi hata jina lake halikuandikwa. Ni yule aliyeketi mezani bomani au barazani, mwenye kalamu na daftari, ambaye babu zetu walipokwenda kulipa kodi walimkuta yeye kwanza. Hapo kale aliitwa akida, au jumbe, au karani. Siku hizi kijijini na katani twamwita mtendaji. Swali langu ni moja tu. Siku ile alipofika kazini mara ya kwanza, ni nani aliyemfundisha kazi yake?

Msidhani ya kuwa swali hili ni dogo. Mkulima akaaye mwendo wa siku moja kutoka mjini haioni Serikali kwa macho. Haoni Gavana wala Waziri, wala hasomi sheria zilizopigwa chapa. Amwona mtu mmoja tu mwenye daftari. Mtu huyo akiandika vema, mkulima husema Serikali ni njema. Akiandika uongo, husema Serikali ni mwizi, wala hakosei sana, maana kwake yeye Serikali ndiye huyo.

Basi kwanza twende Tanga. Serikali ya Wadachi ilipokwisha kuishika pwani, baada ya kuvunjwa nguvu za Abushiri bin Salim na za Bwana Heri, ilijikuta na nchi kubwa mno na watu wachache wa kuitawala. Haikuweza kuweka Mzungu katika kila kijiji. Kwa hiyo ikashika desturi iliyoikuta pwani tangu zamani za Sultani wa Unguja: mjini liwali, juu ya vijiji kadha wa kadha akida, na katika kijiji jumbe. Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza, lakini ulihitaji karatasi. Amri hutoka bomani kwa barua, na hesabu za kodi hurudi bomani kwa barua. Watu wa pwani walijua kuandika tangu karne nyingi, illa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wakubwa wengi wa Kidachi hawakuweza kuzisoma. Wakataka vijana wanaojua herufi za Kirumi.

Gavana wa kwanza wa Serikali ya Kaisari, Julius von Soden, aliyetawala tangu mwaka 1891 hata 1893, alitaka iwepo shule isiyofundisha dini, ili wazee wa Kiislamu wasiogope kuwapeleka watoto wao. Shule hiyo ikaanza Tanga katika miaka ya 1892 na 1893. Ilifundisha kusoma, kuandika, hesabu, na Kidachi kwa waliopanda madarasa. Baadaye ikawa hata na kiwanda cha kupiga chapa, na gazeti la Kiongozi lilitoka humo mwanzoni mwa karne ya 20. Vijana wake wakatawanyika nchini. Wengine wakawa walimu, wengine makarani, wengine wakapandishwa wakawa maakida. Na kwa kuwa barua zao ziliandikwa kwa Kiswahili, lugha hii ikasafiri pamoja nao mpaka bara. Sisi tufundishao Kiswahili tuna deni kwa makarani wale, ijapokuwa si wote waliotuachia sifa njema.

Sasa tazameni yale ambayo kijana huyu alifundishwa, na yale ambayo hakufundishwa. Alijua kuandika barua kwa mwandiko safi. Alijua kujumlisha na kutoa. Alijua kusimama wima mbele ya mkubwa na kujibu. Lakini akapelekwa ng'ambo ya mto asioujua, kwa watu wasio wa kwao, ambao lugha yao hakuisikia tangu kuzaliwa, akaambiwa: watu hawa walipe kodi. Sheria ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, ikaanza kutumika mwaka 1898. Nyumba ya shamba ililipiwa rupia 3. Mtu asiyekuwa na fedha alipaswa kupata njia nyingine, hata kwa kazi ya mikono. Je, mjane atalipaje? Nyumba iliyoungua mwezi uliopita, yahesabiwa au haihesabiwi? Mwenye kuuguza mtoto angoje muda gani? Mambo kama haya hayafundishwi kwa ubao wa hesabu. Akida mpya aliyaamua kwa akili yake mwenyewe, au kwa kuogopa bomani, au kwa tamaa. Nyuma yake palikuwa na askari, na mbele yake mtu asiye na mahali pa kumshtaki.

Tangu mwaka 1902 kukawa na jambo zito zaidi. Serikali iliamuru pawe na mashamba ya pamba ya pamoja, na maakida na majumbe wayasimamie. Katika wilaya ya Dar es Salaam watu walitakiwa kufanya kazi kama siku 28 kwa mwaka, na malipo ya mwaka wa kwanza yalipogawanywa, kila mtu alipata senti 35. Palikuwa na waliokataa kuzipokea. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Matumbi, watu waking'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Vilienea kusini mwa nchi mpaka mwaka 1907, na maelfu kwa maelfu wakafa, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na ghala kuchomwa moto.

Hapo nataka kuwa mwangalifu. Sisemi ya kuwa vita ile ililetwa na maakida kukosa mafunzo. Asili yake ni utawala uliokuja kwa nguvu, na kazi ya shuruti, na watu kunyimwa nchi yao. Hata malaika angepewa kazi ya kusimamia pamba ile angechukiwa. Nasema tu ya kuwa chuki ya watu ilimwangukia kwanza yule waliyemwona, yaani akida na jumbe, na nyumba zao zilikuwa miongoni mwa zile zilizoshambuliwa mapema. Mtu aliyepelekwa bila kufundishwa mpaka wa uwezo wake ndiye aliyelipa mwanzo, kisha wakalipa wote.

Vita Kuu ya mwaka 1914 ikaja, na Tanga ikaingia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916. Hapo nitasimama kidogo na mtu mmoja, maana habari zake zinanipendeza. Ni Bwana Martin Kayamba. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani katika chuo cha misioni, akafanya kazi ya ukarani nje kabla ya vita. Wadachi walimtia kifungoni kwa kumshuku kuwa upande wa Waingereza. Alipofunguliwa akaajiriwa Tanga, akapanda hata akawa mkuu wa makarani katika ofisi ya wilaya.

Mwaka 1922 Bwana Kayamba na wenzake walianzisha hapo Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali. Watu wengi wakikitaja chama hicho husema habari ya siasa iliyokuja baadaye, na ni kweli, maana ni mojawapo ya vyama vya kwanza vya namna ile katika nchi ya Tanganyika. Lakini mimi mwalimu nakitazama kwa jicho jingine. Kiliwakusanya mahali pamoja Waislamu na Wakristo, mtu wa Bondei na mtu wa Nyasa, waliosoma kwa Wadachi na waliosoma misioni. Karani kijana aliyefika Tanga bila ndugu alipata mahali pa kukutana na waliomtangulia kazini, kusoma magazeti, na kuuliza asilolijua. Serikali haikuwawekea shule ya namna hiyo, walijiwekea wenyewe. Wala sidhani ya kuwa ni ajabu kwamba mtu aliyeanzisha kitu hicho ndiye aliyechaguliwa mwaka 1931 kwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Alikwenda pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukumani na Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba, ambaye alikuwa katibu wa baraza la wakuu wa huko. Tazameni: katika watu watatu, wawili walikuwa watu wa kalamu na daftari. Bwana Kayamba aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya safari ile.

Wakati huo utawala wa wilayani ulikuwa umegeuzwa. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925 kutoka Nigeria, hakuupenda mpango wa maakida. Kwa sheria ya mwaka 1926 aliwarudishia watemi na machifu uwezo wa kutawala, wawe na baraza zao, na mahakama zao, na hazina zao. Hapa neno lililo kubwa ni hazina. Zamani kodi yote ilikwenda bomani. Sasa sehemu yake ikawa yabaki katika hazina ya wenyeji, ilipe mishahara ya machifu, na makarani, na matarishi, itengeneze njia na visima. Fedha ikawa karibu na watu. Na fedha ikiwa karibu na watu, ni nani aishikaye daftari yake?

Machifu wengi wa siku zile hawakusoma. Walijua hukumu, walijua mipaka ya mashamba na koo za watu kuliko Mzungu yeyote, lakini karatasi iliyowekwa mbele yao waliitia muhuri kwa kumwamini karani. Serikali iliona jambo hili, na kwa sababu hiyo shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, iliwekewa hasa wana wa machifu, ili mtawala wa kesho ajue kusoma hesabu yake mwenyewe. Lilikuwa wazo jema, ingawa lilisahau kwamba mwana wa chifu hukaa shuleni miaka mingi na karani wa hazina huajiriwa leo. Baadaye mlango wa Tabora ulifunguka kwa wengine pia, na Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia humo mwaka 1937.

Basi karani aliyeajiriwa leo alijifunzaje? Kwa kukaa karibu. Wazee waliowahi kufanya kazi hiyo hawana neno jingine. Kijana alipewa kiti mwisho wa meza, akaambiwa amtazame karani mzee. Na kukaa karibu si jambo la kudharau. Mvuvi humfundisha mwanawe hivyo, na fundi seremala vilevile. Twayajua mambo mengi yasiyoandikika ila kwa kumtazama ajuaye. Kijana aliyebahatika kukaa karibu na karani mwaminifu alijifunza kuita majina kwa heshima, kuhesabu fedha mbele ya mwenyewe, kuandika stakabadhi kabla ya kutia fedha kisandukuni, na kufunga hesabu ya siku siku iyo hiyo hata kama jua limekuchwa.

Lakini tuseme ameketi karibu na mwingine. Stakabadhi huandikwa mara mbili, karatasi apewayo mlipaji na kile kipande kibakiacho katika kitabu. Karani mwovu humwandikia mlipaji shilingi 10, na katika kipande kibakiacho akaandika 6. Mlipaji hasomi, au hata akisoma ameona 10 yake, ameridhika. Kitabu kikienda kukaguliwa, jumla yake ni sawasawa. Kijana aketiye mwisho wa meza ayaona hayo mwezi wa kwanza, akafikiri ya kuwa ndiyo kazi yenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba ni wizi, maana mwenye kumfundisha ndiye mwizi. Naye akihamishwa akapewa meza yake, atapata kijana wa kuketi mwisho wa meza hiyo. Hivyo kosa lazaa kosa, na kila mmoja wao aliingia kazini akiwa mtu mzuri.

Hili ndilo ninalotaka mlishike katika historia hii yote. Shule za Serikali zilimfundisha kijana miaka mingi kabla ya kazi, na wakaguzi walimwadhibu baada ya kosa. Katikati yake, ile miezi mitatu au minne ya kwanza ambayo mtu hushika desturi atakayokwenda nayo mpaka uzeeni, iliachwa kwa bahati. Haikuwa na mwenyewe.

Baada ya vita ya pili ya dunia mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 1947 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Arthur Creech Jones, aliwaandikia magavana wa Afrika kwamba utawala wa wilayani sasa ujengwe juu ya mabaraza yenye wajumbe wa watu, yaani serikali za mitaa kama tusemavyo leo, yawe na kazi bora na yawe karibu na wananchi. Mwaka 1953 ikatolewa Tanganyika sheria ya serikali za mitaa, na mwaka uo huo ikafunguliwa shule ya serikali za mitaa huko Mzumbe, karibu na Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Hapo machifu, watumishi wa mabaraza na makarani wa mahakama walifundishwa kazi yao yenyewe, si kusoma na kuandika tu. Ni miaka 60 tangu Tanga. Miaka 60 nchi ilitawaliwa kwa daftari kabla ya kuwa na nyumba moja iliyowekwa makusudi kumfundisha mshika daftari!

Mzumbe ilikua. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, uchifu ukaondolewa kwa sheria mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikawa mahali pa mabaraza ya wenyeji. Kisha mwaka 1972 Serikali ikazivunja halmashauri za wilaya, kazi zao zikapewa maofisa wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Mwaka uo huo Mzumbe ikaunganishwa na chuo kingine ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu. Halmashauri za wilaya zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzivunja lilikuwa kosa ambalo angelipewa nafasi tena asingelirudia.

Wanahistoria wakieleza miaka ile 12 husema habari za shule zilizoharibika, njia zilizoota nyasi, na zahanati zisizo na dawa. Mimi naongeza jambo moja lisiloonekana. Karani mzee wa mwaka 1971, aliyejua kufunga hesabu siku iyo hiyo, alihamishwa, au alistaafu, au alikufa. Mwaka 1984 halmashauri zilipofunguliwa upya, kiti cha mwisho wa meza kilikuwepo, lakini aliyestahili kukaliwa karibu hakuwepo. Majengo hujengwa upya kwa mwaka mmoja, na sheria huandikwa kwa mwezi. Desturi njema ya kazi hupitishwa toka mtu hata mtu, na ikikatika hapana karatasi ya kuirudisha. Nadhani hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya majengo. Uone kodi ya maendeleo iliyorudi pamoja na halmashauri, jinsi watu walivyoichukia kwa namna ilivyokusanywa, wengine wakilala porini wasikutwe na wakusanyaji, mpaka ikafutwa mwaka 2003. Mtu aliyesimuliwa na babu yake habari za kodi ya akida hakuona jambo geni.

Tangu mwaka 1994 kuna sheria ya kuwa na chuo cha serikali za mitaa, nacho kipo Hombolo, Dodoma. Na mafunzo ya mtumishi mpya yamepata jina zuri, huitwa mafunzo elekezi. Nimefurahi kwa jina hilo. Lakini mara nyingi katika wilaya nilizopita, mafunzo hayo ni siku mbili ukumbini, afisa akisoma kanuni kwa sauti, watu wakipewa chai na kutia sahihi kwamba wamehudhuria. Tena mara nyingine hufanywa mtumishi amekwisha kukaa kazini mwaka mzima. Mtu wa mwaka mzima haelekezwi tena, amekwisha kuelekea.

Nitawapa habari niliyoiona mwenyewe. Nilikwenda katika ofisi ya kijiji fulani kutafuta barua ya utambulisho kwa ajili ya mwanachuo wetu. Nikamkuta mtendaji msichana wa miaka kama 24, mwenye cheti kizuri, ana majuma matatu kazini. Aliyemtangulia alikuwa amehamishwa, akaondoka na funguo za kabati. Ndani ya kabati ndimo mlimokuwa rejista ya wakazi na mihutasari ya mikutano. Juu ya meza aliachiwa muhuri na ile mashine ndogo ya mkononi itoayo stakabadhi za ushuru. Nikamwuliza, "Binti yangu, walikukabidhi nini?" Akajibu kwa adabu, "Shikamoo mwalimu, nilikabidhiwa muhuri." Hakujua michango ipi wananchi walikubali katika mkutano na ipi ilibuniwa na mtu. Wakati tunazungumza aliingia mzee akitaka kujua kwa nini anadaiwa mara ya pili fedha za darasa. Yule binti akatazama kabati lililofungwa. Mzee akanitazama mimi. Sote watatu tukanyamaza.

Katika nchi hii, kwa sheria ile ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri akaaye hapo kutumika. Je, binti yule aliambiwa hivyo na nani, na kwa maneno gani? Kwenye cheti chake somo hilo limo, bila shaka alilijibu vizuri katika mtihani. Lakini mtu hujibu katika mtihani kwa kalamu, na barazani hujibu mbele ya mzee aliyekasirika.

Sisi walimu hatuna mengi ya kujivunia, ila katika hili tuna desturi ambayo ofisi za serikali za mitaa zingeweza kuiazima bila gharama kubwa. Mwanachuo wetu hapewi darasa siku ya kwanza. Hukaa nyuma akitazama mwalimu aliyechaguliwa kwa sababu ni mzuri, si kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Kisha hufundisha somo moja, na mwalimu akikaa nyuma huandika makosa yake. Jioni huyazungumza wawili, pasipo watoto kusikia. Akikosea, amekosea palipo na mtu wa kumshika mkono. Mtendaji mpya angefanyiwa vivyo hivyo, akakaa mwezi mmoja katika kijiji cha mtendaji mwenye sifa kabla ya kupewa kijiji chake, angejifunza mengi kuliko ukumbini. Na akifika kijijini kwake, kwanza atembee. Majuma mawili bila kugusa mashine ya fedha, apite vitongoji vyote na mwenyekiti, ajue kisima ni kipi, mjane ni nani, na mpaka wenye ugomvi uko wapi. Wakubwa watasema muda haupo, mapato yanangoja. Waliompeleka akida Matumbi nao walikuwa na haraka ya pamba.

Nayo makabidhiano yafanywe mbele ya watu. Anayeondoka asipewe barua ya kuhama mpaka daftari, funguo na hesabu zimesomwa katika halmashauri ya kijiji, naye mpya akiwa amesimama hapo na wajumbe wametia sahihi. Jambo hili halihitaji fedha hata senti moja. Lahitaji tu kwamba ninyi mnaonisikiliza mkijua kuna mtendaji anahama, mwulize mwenyekiti wenu ni siku gani vitu vitakabidhiwa, mkaende.

Mtauliza iliishaje kwa yule binti. Palikuwa na mtendaji mstaafu akaaye kijiji cha pili, mzee wa miaka 70 na zaidi. Mwenyekiti alimwendea kwa baiskeli. Akaja siku ya pili asubuhi, amevaa koti, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Fundi akafungua kabati mbele ya wajumbe watatu. Mzee yule akaketi na binti chini ya mwembe kwa siku tatu, wakipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, yeye akieleza kila jina ni la nani na kila deni lilitoka wapi. Na lile deni la darasa wakalikuta limelipwa. Hakulipwa chochote ila chakula. Nilipoondoka na barua yangu, alikuwa akimwonyesha jinsi ya kufunga hesabu ya siku.

Muda niliopewa umekwisha. Kwaherini.